Wanaokwambia Uishie Kitabu cha Kwanza cha Dune Wanakupotosha

Kuna ushauri ambao umegeuka kuwa kama amri kwa kila anayeanza kumsoma Frank Herbert. Ukitaja tu kwamba umemaliza Dune, mtu atakwambia: hongera, sasa ishia hapohapo. Vinavyofuata achana navyo, ni porojo tupu, mzee alikuwa anatafuta hela. Nimeusikia ushauri huu kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wasomaji wazito, watu waliomaliza Tolstoy na wakamrudia Kezilahabi mara mbili. Na huwa wanautoa kwa uhakika ule wa mtu anayekuonya usile uyoga wa porini.

Mimi naupinga. Tena siupingi kwa ule upole wa kusema kila mtu na ladha yake. Nasema ni ushauri mbaya, na anayeutoa, hata kama amekisoma kitabu cha kwanza mara tano, nina shaka na alivyokisoma. Dune bila Dune Messiah ni kesi iliyosikilizwa upande mmoja, kisha hakimu akafunga jalada akaenda zake nyumbani.

Kwanza tuwekane sawa, maana ugomvi mwingi hapa unatokana na watu kuchanganya mafaili. Herbert mwenyewe aliandika vitabu sita: Dune (1965), Dune Messiah (1969), Children of Dune (1976), God Emperor of Dune (1981), Heretics of Dune (1984) na Chapterhouse: Dune (1985). Akafariki Februari 1986. Vile vingine vyote mnavyoviona vimejaa rafu nzima viliandikwa na mwanawe, Brian Herbert, akishirikiana na Kevin J. Anderson, kuanzia 1999. Hivyo nitavigusa baadaye, wala sitavitetea. Ninachotetea ni vya Herbert mwenyewe, na hata hivyo si vyote kwa nguvu sawa. Na kama hujavisoma, ujue kwamba humu nitasema nani anakufa na nani anageuka mnyoo. Vitabu vina zaidi ya miaka arobaini, siri zimeshachacha.

Tuanze na shtaka jepesi, lile la hela. Kitabu cha kwanza kilikataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini. Aliyekubali mwishowe alikuwa Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Kikashinda tuzo ya Nebula, ya kwanza kabisa kutolewa kwa riwaya, na mwaka 1966 kikagawana tuzo ya Hugo na kitabu cha Roger Zelazny. Sasa jiulize, mtu aliyesota hivyo halafu mlango ukafunguka, kama shida yake ni hela angefanya nini? Angemrudisha Paul Atreides akiwa juu ya mnyoo mkubwa zaidi, akamletea adui mbaya kuliko Baron Harkonnen, na mwisho tungeshangilia tena. Herbert alifanya kinyume. Alimwandikia shujaa wake kitabu kifupi, kizito, cha kumshusha hadhi. John W. Campbell, mhariri wa jarida la Analog, ambaye ndiye aliyekuwa amekitoa kitabu cha kwanza kwa sehemu sehemu, alikikataa hiki cha pili. Ikabidi kitoke katika jarida la Galaxy. Na mwaka 1980 Herbert alieleza katika jarida la Omni kwamba tangu mwanzo aliviona vitabu vitatu vya kwanza kama kazi moja, na kwamba sehemu za cha pili na cha tatu alikuwa ameshaziandika kabla hajamaliza cha kwanza. Hela zilikuja, sikatai. Children of Dune kiliuzwa sana. Lakini kitabu cha pili hakina hata ukurasa mmoja unaomtafutia msomaji raha.

Na hapo ndipo penye ugomvi wenyewe. Watu hawakichukii Dune Messiah kwa sababu ni kibaya. Wanakichukia kwa sababu kinawanyang'anya kitu.

Tukumbushane walichokuwa nacho. Kitabu cha kwanza ni hadithi ya kijana wa ukoo wa kitawala ambaye baba yake anauawa kwa hila, naye anakimbilia jangwani na mama yake, anapokewa na Wafremen, watu wa jangwa wanaodhulumiwa, anakuwa nabii wao, anarudi nao kama dhoruba na kumpindua mfalme mkuu wa ulimwengu mzima. Ukiisimulia hivyo kwa dakika mbili, ni ngano ile ile tuliyoisikia kwa bibi. Mtoto wa mfalme aliyedhulumiwa anarudi kuchukua kiti chake. Nani hapendi?

Ila Herbert alipanda miiba njia nzima. Unabii ambao Wafremen wanamwona Paul ameutimiza haukushuka mbinguni. Ulipandikizwa karne nyingi nyuma na Bene Gesserit, chama cha wanawake wenye ujuzi wa siri, waliokuwa wakisambaza hekaya kwenye sayari za wanyonge ili siku mmoja wao akikwama huko apate pa kujificha. Mama yake Paul anaijua hila hiyo na anaitumia wazi mbele ya macho yetu. Paul mwenyewe anaiona vita itakayofuata, bendera zake zikitembea juu ya maiti kutoka sayari moja hadi nyingine, anasema hataki, na bado anaendelea kupiga hatua kuielekea.

Sisi tunaosoma tukiwa na Kiswahili kichwani tuna bahati ya pekee hapa, na inanishangaza jinsi tunavyoipoteza. Msomaji wa Ohio mwaka 1965 alipokutana na maneno ya Wafremen aliyaona kama mapambo ya kigeni. Wewe na mimi tunayasikia. Lisan al-Gaib: lisani ni ulimi, ghaibu ni ghaibu ile ile ya kwetu. Naib, cheo cha kiongozi wa Wafremen, ni naibu. Usul, jina la siri analopewa Paul, lina shina moja na asili na usuli. Muad'Dib, jina lake la hadharani, limetokana na shina lililotupa adabu: mwenye kuwatia watu adabu. Mahdi hahitaji tafsiri, wala Shaitan. Na jihad imo humo toka kurasa za mwanzo, kwa jina hilohilo, ingawa filamu za Denis Villeneuve zimelikwepa zikasema vita vitakatifu. Msomaji wa Kiswahili anasikia toka mwanzo kwamba hapa kuna mgeni aliyekuta lugha ya dini ya watu, akajifunza kuisema kwa ufasaha, kisha akaitumia kuwapanda mgongoni. Tukishindwa sisi kulisikia hilo, nani atalisikia?

Lakini niseme ukweli: si kosa la msomaji peke yake. Kitabu cha kwanza kina kasoro, na kasoro yake ni utamu. Baron Harkonnen ni muovu mno, mnene mno, mchafu mno, hata yeyote atakayempinga anaonekana malaika. Vita vya mwisho vinasisimua mno. Ile miiba ipo, lakini asali ni nyingi, na mtu mwenye njaa ya ushindi anaila asali na kutema miiba bila hata kujua. Herbert alitaka kutuonya juu ya mashujaa, na kwa bahati mbaya akamwandika shujaa mzuri kupita kiasi. Ndiyo maana kitabu cha pili kilihitajika. Bila hicho, onyo lingebaki ni harufu tu, na watu wangeendelea kuvaa fulana za Muad'Dib kama wanavyovaa za Che Guevara.

Sasa tukifungue Dune Messiah. Imepita miaka kumi na miwili. Paul ni mfalme mkuu. Vita vyake vimeua watu bilioni 61, vimeziacha sayari 90 bila uhai na kuzivunja nguvu nyingine 500. Hatuzisomi takwimu hizi kutoka kwa adui yake. Anazitaja Paul mwenyewe, chumbani, akizungumza na Stilgar, yule rafiki yetu wa jangwani tuliyempenda katika kitabu cha kwanza. Paul anamsimulia habari za Hitler, watawala wa kale waliosahaulika, na idadi ya watu aliowaua. Stilgar anasikiliza, na kwake hesabu hiyo ni ndogo, haimtishi. Ukurasa huo peke yake una uzito kuliko mapigano yote ya kitabu cha kwanza. Stilgar hajawa muovu. Ni mtu mwema aliyezoea. Shujaa wetu amemchukua mtu aliyejua thamani ya kila tone la maji mwilini mwa mwenzake, akamfanya karani wa maiti.

Halafu yupo Farok, mzee mmoja wa Kifremen anayetokea mwanzoni tu, na wengi hawamkumbuki. Farok anaeleza kwa nini alikwenda jihadi. Hakwenda kwa ajili ya Mungu wala Muad'Dib. Alikuwa amesikia kwamba kuna kitu kinaitwa bahari, na mtu aliyezaliwa katika sayari isiyo na mvua hakuweza kuamini, akataka akaione. Akaiona. Akaingia ndani ya maji, akayanywa, yakamchafua tumbo, akatoka akiwa amepona ugonjwa wa jihadi. Akarudi nyumbani, na huko mwanawe ni kipofu, macho yake yamebaki vitani. Sisi ambao bahari tunaiona kila siku, hata hatuitazami, tusome hapo taratibu. Katika kurasa chache Herbert anasema jambo ambalo vitabu vingi vya historia hukwepa kulisema: jeshi la imani limejaa watu waliokwenda kwa sababu ndogondogo za kibinadamu, wakarudi na majeraha makubwa.

Wanaolalamika wanasema kitabu hiki hakina matukio, watu wanakaa vyumbani na kunong'ona. Ndiyo, na sasa jangwa limekwenda wapi? Limefungiwa nje ya kuta za kasri kubwa kiasi kwamba mji mzima ungeingia humo. Paul aliyekuwa akitembea juu ya mchanga bila kumwamsha mnyoo sasa hawezi kwenda msalani bila walinzi, makuhani na maombi. Ufinyu huo wa kitabu ndio habari yenyewe. Mwenye kuona mbele amefungwa na kile alichokiona. Anajua Chani, mpenzi wake, atakufa akijifungua, na kila njia nyingine anayoitazama ni mbaya zaidi. Anapopofushwa kwa silaha inayochoma macho, anaendelea kuona kwa nguvu ya utabiri, anatembea mbele ya watu kana kwamba hajapoteza kitu, na hapo ndipo wafuasi wanapoogopa kuliko wakati wowote. Kisha Chani anajifungua pacha, hata utabiri unazimika, na giza linakuwa giza kweli. Sheria ya Wafremen inasema kipofu huachiwa jangwa. Paul anaifuata. Anaingia jangwani peke yake, kwa miguu, kama Mfremen yeyote asiye na cheo.

Wengine wameuita mwisho huo wa kukatisha tamaa. Mimi nauona ndio wakati pekee katika vitabu vyote viwili ambapo Paul anafanya jambo la Kifremen kwa ajili ya sheria yao na si kwa ajili ya kiti chake. Angekuwa ameishia kwenye kitabu cha kwanza, asingelifanya kamwe.

Hapa naomba nitofautishe vitu viwili ambavyo tunavichanganya kwa sababu vyote hutoka kwa mwandishi mmoja na mhusika mmoja: mfululizo na mwendelezo. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akamrudisha tena na tena. Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa na kiko chake, kesi baada ya kesi. Huo ni mfululizo. Uzuri wake ni kwamba mtu wetu habadiliki. Tunarudi kwake kama tunavyorudi kwenye kibanda cha chai tulichokizoea, na ole wake mwandishi akibadilisha chai. Sina dharau hata chembe kwa kazi hiyo, nimelelewa nayo. Lakini mwendelezo una wajibu mwingine. Kitabu cha pili kinatakiwa kikiweke rehani cha kwanza: kiseme jambo ambalo, likiwa kweli, litatulazimisha turudi nyuma tusome upya. Kipimo changu ni hicho tu. Dune Messiah anakifaulu kuliko karibu mwendelezo wowote ninaoujua katika riwaya za kisayansi. Anayemsoma Herbert akitarajia Willy Gamba wa anga za juu lazima akasirike, lakini hasira hiyo aipeleke kwa aliyemwahidi hivyo. Herbert hakumwahidi.

Children of Dune nitakipitia haraka, maana sioni haja ya kujifanya kila kitu ni dhahabu. Njama ni nyingi kama mizizi ya mkoko, na wale pacha wa miaka tisa wanaozungumza kama wazee wa baraza wanachosha. Kinachokibeba ni Alia, dada yake Paul, aliyezaliwa akiwa na kumbukumbu za mababu wote kichwani, na sasa mmoja wao, tena yule Baron aliyemuua kwa mkono wake, amepata nafasi ya kumtawala kutoka ndani. Adui aliyeuawa katika kurasa za ushindi amerudi kwa kupitia damu ya mshindi. Kwa Alia peke yake kitabu kinastahili kusomwa.

Vita kubwa iko kwenye cha nne. God Emperor of Dune ndicho kinachotajwa kama ushahidi kwamba Herbert alichanganyikiwa. Imepita miaka 3,500. Leto, mwana wa Paul, amejigeuza nusu mtu nusu mnyoo, anatawala peke yake, na kitabu kizima, wanasema, ni mnyoo kuzungumza. Ni kweli, anazungumza. Anazungumza mpaka unatamani kumziba mdomo. Lakini hebu fikiri: nani amewahi kuishi chini ya mtawala wa maisha asijue kwamba mateso mojawapo ni hotuba? Amani ya Leto ni amani ya kulazimishwa, hakuna vita, hakuna safari, hakuna jipya, na amani hiyo ina sauti moja tu. Wafremen wamegeuka kuwa watu wa makumbusho, wanavaa mavazi ya babu zao kwa ajili ya wageni na wanauza vitu vya kale vilivyotengenezwa juzi. Niambieni kama hilo ni ndoto za mtu aliyechanganyikiwa. Yeyote aliyewahi kuona ngoma ya mababu ikichezwa kando ya bwawa la kuogelea la hoteli ya kitalii anajua Herbert alikuwa anatazama nini.

Kuna pingamizi moja dhidi ya kitabu hiki ambalo ni zito kweli, na linanisikitisha kwamba wapinzani wake hawalitumii, wanang'ang'ania kulalamikia urefu wa hotuba. Pingamizi ni hili. Leto anadai kwamba udhalimu wake ndio unaouokoa ubinadamu: bila yeye, watu wote wangeangamia, ameiona njia pekee, anaiita Njia ya Dhahabu. Sasa, ni dikteta gani hajasema hivyo? Bila mimi nchi ingesambaratika. Tofauti ni kwamba wa kwetu hawana ushahidi, na Leto mwandishi amempa. Amempa macho ya kuona yajayo, na hatuoneshwi mahali ambapo macho hayo yanadanganya. Je, Herbert, adui wa mashujaa, hakutuandikia hapo utetezi wa udhalimu?

Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni Siona. Siona ni msichana wa uzao wa Atreides anayempinga Leto. Leto anamchukua jangwani, anamwonesha ile njia, na Siona anaiona kwa macho yake. Anajua kwamba mnyoo hasemi uongo. Vitabu dhaifu vyote vingemgeuza hapo awe mfuasi. Siona anatoka jangwani akiwa ameamini, na bado anamchukia, na bado anapanga kifo chake, na daraja linapokatwa Leto anaanguka mtoni kwa amri ya Siona. Maana yake ni nini? Kwamba hata dikteta akiwa na haki katika hesabu zake, hata akiwa mkweli, mtu ana haki ya kukataa kutawaliwa hivyo. Herbert amempa dhalimu hoja bora kabisa anayoweza kupewa, kisha akamweka binadamu mmoja mbele yake aseme hapana. Sijui riwaya nyingi, za kisayansi au za namna yoyote, zilizothubutu kulijaribu swali hilo kwa uaminifu kiasi hicho.

Hiyo haifuti kasoro zake. Mawazo ya Herbert kuhusu wanawake yamechakaa, na kuhusu mashoga ni mabaya kabisa, toka Baron hadi hadithi anazosimulia Leto kuhusu majeshi. Na kila mhusika katika kitabu cha nne huzungumza kana kwamba ameumeza msahafu wa methali. Haya nayasema wazi kwa sababu utetezi unaoficha kasoro si utetezi, ni uchawa.

Heretics na Chapterhouse? Hapo mimi na wapinzani tunaweza kukaa meza moja. Kuna Miles Teg, jenerali mzee aliyestaafu, mmoja wa wahusika bora ambao Herbert aliwahi kuwaumba, na kuna Odrade, mkuu wa Bene Gesserit anayejaribu kuongoza bila kujifanya mungu, ambaye kwangu ni jibu la kimya kwa Paul na Leto wote wawili. Lakini kuna pia wale wanawake wanaoteka wanaume kwa nguvu za kitandani, jambo lililoandikwa kwa uzito ambao leo linachekesha tu. Kitabu cha sita kimeishia hewani, mwandishi akafa. Anayetaka kuishia cha nne sitamlaumu. Ninachogombana nacho ni kuishia cha kwanza.

Na sasa vile vya mwana na mwenzake. Wengi wakisema miendelezo ya Dune ni takataka wanazungumzia hivi, halafu uchafu unamrukia mzee. Tatizo langu na hivi si lugha nyepesi tu, lugha nyepesi si dhambi. Tatizo ni kwamba vinarudisha kile ambacho Herbert alitumia vitabu vitano kukibomoa. Katika Dune ya 1965 kuna uasi wa kale dhidi ya mashine zinazofikiri, unatajwa kwa mistari michache tu, na maelezo yake ni kwamba watu walizikabidhi mashine kazi ya kufikiri wakitumaini uhuru, wakaishia kutawaliwa na watu wengine wenye mashine hizo. Watu. Ona makali ya jambo hilo, hasa leo. Vitabu vya 2002 na kuendelea vikaligeuza kuwa vita ya binadamu wema dhidi ya maroboti makatili, na vile viwili vya 2006 na 2007, vilivyodai kukamilisha hadithi, vikawaleta maroboti hao tena mwishoni. Muovu yuko nje yetu, ni wa chuma, tumpige. Hiyo ndiyo asali bila mwiba hata mmoja. Ajabu ni kwamba anayekwambia uishie kitabu cha kwanza anataka asali hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yeye anaipata kwa kufumba macho mapema.

Kwa nini nalishupalia jambo hili? Kwa sababu ushauri wa kuishia kwenye ushindi ni tabia ya usomaji, na ni tabia tunayoijua vizuri nje ya vitabu. Tunapenda hadithi inayokoma usiku ule bendera ilipopanda. Anayeendelea kusimulia, akataja waliofungwa, waliopotea, Stilgar wetu waliozoea, anaambiwa anaharibu. Fasihi ya Afrika haikuukubali ushauri huo. Chinua Achebe aliandika A Man of the People mwaka 1966, Ayi Kwei Armah akaandika The Beautyful Ones Are Not Yet Born mwaka 1968, na Dune Messiah ikafuata 1969. Hawakuwa wakiandikiana barua, na huko Marekani Herbert alikuwa na akina Kennedy wake wa kuwawaza. Lakini swali lilikuwa moja: baada ya kushangilia, nani anazika? Hatujawahi kumwambia mwanafunzi asome Things Fall Apart halafu amkimbie Achebe wa 1966 kwa kuwa anakatisha tamaa. Basi tumpe na Herbert haki hiyo.

Filamu ya 2024 imelijua hili. Villeneuve amemgeuza Chani kuwa mtu asiyeamini, anayemtazama Paul akipanda kiti cha enzi kwa uso wa mtu anayetazama msiba, na ametangaza kwamba atakitengeneza Dune Messiah pia. Kwa maneno mengine, ameona kitabu cha kwanza hakiwezi kusimama peke yake bila kuazima macho ya cha pili.

Kwa hiyo ukimaliza Dune, usipumzike hata wiki. Chukua Messiah siku hiyohiyo, damu ikiwa bado inachemka kwa ushindi, kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya damu hiyo. Kitakuudhi. Kiache kikuudhi. Kisha umtafute yule aliyekwambia uishie hapo, umuulize kama anamkumbuka Farok.